Vikongwe vya televisheni ya Australia: uanze na Neighbours, Home and Away, Four Corners au Play School?

Mwaka 2026 kalenda ya televisheni ya Australia imejaa sherehe. Play School, kipindi cha watoto, inatimiza miaka 60 mwezi Julai, Four Corners, kipindi cha makala ya uchunguzi, miaka 65 mwezi Agosti, na televisheni yenyewe miaka 70 mwezi Septemba. Tamthilia ya Neighbours ilitimiza 40 Machi 2025, ikazikwa Desemba ya mwaka huohuo. Home and Away, mdogo wake na hasimu wake, itafika 40 Januari 2028 ikijaliwa.

Kila sherehe huja na vipande vya zamani, mahojiano na waigizaji waliozeeka, na wito wa kutazama upya. Kwa mtu wa kwetu aliyehamia Melbourne au Perth juzijuzi, au aliyeko Mombasa na ana ndugu huko, swali ni dogo tu: nianze na kipi? Si swali la mzaha. Neighbours peke yake ina sehemu zaidi ya 9,000. Ukitazama mbili kila siku bila kuumwa wala kusafiri, utaimaliza baada ya miaka kumi na miwili.

Sitavipanga kwa umri, kwa kuwa kuna vipindi vimedumu kwa mazoea tu. Nitavilinganisha kwa kuuliza nani alikuwa akitoa hela ili kipindi kiendelee. Ukijua hilo unajua kipindi kiliandikwa kimfurahishe nani, na kama wewe ni mmoja wao.

Miaka inahesabiwa kutoka wapi

Tarehe rasmi ni 16 Septemba 1956, kituo cha TCN-9 cha Sydney kilipoanza matangazo yake ya kawaida na mtangazaji Bruce Gyngell akawakaribisha watazamaji. Kile kipande cha Gyngell anachokiona kila mtu siku ya maadhimisho si cha usiku ule. Kiliigizwa na kurekodiwa baadaye, maana usiku wenyewe haukuhifadhiwa. HSV-7 ya Melbourne ilifuata tarehe 4 Novemba, ABC, shirika la utangazaji la umma, ikaingia hewani Sydney siku moja baadaye, na tarehe 22 mwezi huo Michezo ya Olimpiki ikafunguliwa Melbourne. Haraka yote ile ilikuwa ya Olimpiki.

Ila hiyo ni sherehe ya miji miwili. Brisbane, Adelaide na Perth zilingoja hadi 1959, na Darwin hadi 1971. Mtu wa Darwin asipopiga makofi kwa ajili ya miaka 70, usimshangae. Rangi nayo ilikuja rasmi tarehe 1 Machi 1975, na hapo msomaji wa Unguja ana haki ya kutabasamu: Zanzibar ilikuwa tayari na televisheni ya rangi wakati Sydney bado inatazama nyeusi na nyeupe.

Tangu mwanzo palikuwa na mifuko miwili. Upande mmoja vituo vya biashara, vinavyoishi kwa matangazo. Upande wa pili ABC, inayolipiwa na hazina ya serikali. Tamthilia mbili kubwa zimetoka upande wa kwanza, Four Corners na Play School upande wa pili. Neighbours ikaja kupata mfuko wa tatu, wa Waingereza, na ndio uliokuja kuimaliza mara ya kwanza.

Neighbours na Home and Away

Mtu akikwambia anaitafuta "ile tamthilia ya Waaustralia", jua ni moja kati ya hizi. Kwa mbali zinafanana kama kurwa na doto: nusu saa, jioni za siku za kazi, familia kadhaa, vijana wazuri wa sura, mapenzi yanayovunjika na kurudiana. Ukizikaribia zinaachana.

Neighbours ni mtaa mmoja usiopenya, Ramsay Street, katika kitongoji cha kubuni cha Melbourne. Mtaa halisi unaitwa Pin Oak Court, uko Vermont South, na nyumba zinazoonekana zina wenyewe wanaoishi humo. Ndani ya nyumba ilikuwa ni studio ya Nunawading. Nyumba ni za matofali, bustani zimefyekwa, magari yameegeshwa kwa adabu. Hakuna bahari wala mlima. Vituko vyote vinatokana na jirani kusikia jambo lisilomhusu.

Home and Away ni mji wa pwani, Summer Bay, na picha zake za nje hupigwa Palm Beach, kaskazini kabisa mwa Sydney. Humo mchanga, mawimbi na ubao wa kuteleza ni nusu ya hadithi. Ilianza na Tom na Pippa Fletcher, mume na mke wanaohamia pwani na kundi la watoto wasio wa kuwazaa, waliowachukua kuwalea. Msingi huo haukuachwa: mpaka leo, mtoto aliyekosa kwao hupata pa kulala Summer Bay.

Sasa historia yao, ambayo ni tamu kuliko baadhi ya visa vyao. Neighbours, iliyobuniwa na Reg Watson, ilianza tarehe 18 Machi 1985 katika mtandao wa Seven. Seven ikaona watazamaji wa Sydney hawaitaki, ikaitupa kabla mwaka haujaisha, baada ya sehemu 170. Mtandao wa Ten ukaiokota, ukairudisha hewani Januari 1986, ukaongeza vijana: Kylie Minogue, Jason Donovan, Guy Pearce. Oktoba 1986 BBC ikaanza kuionyesha Uingereza mchana.

Halafu ikaja harusi ya Scott na Charlene, yaani Jason Donovan na Kylie Minogue. Australia iliitazama Julai 1987. Charlene ni fundi magari, binti wa mafuta mikononi na ovaroli, na sehemu ile inampeleka madhabahuni kwa gauni jeupe, taratibu mno, huku wimbo wa Angry Anderson ukifunika karibu kila neno. Ukiitazama leo utaona haina tukio kubwa: watu wawili wanaangaliana, jamaa wanafuta machozi. Ilipofika Uingereza, Novemba 1988, ilitazamwa na watu karibu milioni 20. Wakati ule Australia nzima ilikuwa na watu wasiofika milioni 17. Kuanzia siku hiyo Neighbours ilikuwa mali ya Waingereza, hata kama anwani yake ilibaki Melbourne.

Seven ikajiuma vidole. Kituo kilichotupa dhahabu kikataka tamthilia yake, na Alan Bateman akaleta Home and Away. Ilianza tarehe 17 Januari 1988, na mwaka uliofuata ITV ya Uingereza ikaichukua. Kwa hiyo ukiipenda Home and Away, shukuru kosa la Seven.

Tofauti inayokuhusu wewe unayechagua inaanzia hapa. Nyumbani, Neighbours ilipungua mwaka hadi mwaka. Januari 2011 Ten iliitoa kwenye kituo chake kikubwa ikaihamishia kwenye kituo kidogo cha pembeni. Haikufa, kwa sababu Waingereza walikuwa wakilipa: BBC hadi 2008, kisha Channel 5. Februari 2022 Channel 5 ikatangaza kujitoa, watengenezaji wakatafuta mshirika mwingine wasimpate, na tarehe 28 Julai 2022 ikaonyeshwa sehemu ya kuaga. Kylie na Jason walirudi, Pearce alirudi, Margot Robbie alijitokeza. Watu walilia kweli.

Miezi michache baadaye Amazon ikasema itaifufua, na Septemba 2023 ikarudi. Februari 2025, wiki chache tu kabla ya sherehe za miaka 40, Amazon nayo ikaaga. Keki ya maadhimisho ililiwa huku kila mtu akijua msiba ni Desemba. Kipindi kimoja, vifo viwili ndani ya miaka minne, na mara zote mbili uamuzi ulitoka ng'ambo.

Home and Away pia huuzwa Uingereza, na hela hiyo si haba. Lakini nyumbani bado iko kwenye kituo kikubwa cha Seven, saa moja usiku, pale pale ilipozoeleka. Inalipiwa kwanza na Waaustralia wanaokula chakula cha jioni.

Kwa hiyo, ukitaka hadithi yenye mwanzo na mwisho, chukua Neighbours. Hata una miisho miwili ya kuchagua, na kwa maoni yangu ule wa 2022 ndio wa kweli. Kilichofuata ni nyongeza ya hisani. Una Paul Robinson, anayeigizwa na Stefan Dennis, aliyekuwepo siku ya kwanza na akawepo mwishoni, akiwa ameoa na kuachana mara nyingi kuliko inavyofaa kuhesabu. Una Karl na Susan Kennedy, walioingia 1994, ambao ndoa yao inavunjika, inashonwa, inachanika tena. Nawapenda hawa wawili kuliko wengine wote, kwa sababu wanagombana kama watu waliozoeana: juu ya vyombo, juu ya maneno ya jana. Neighbours pia hucheka. Inajua kwamba ni kichekesho kidogo, na haioni haya.

Ukitaka kipindi cha kukusindikiza, chukua Home and Away. Kiko hai, unaingia siku yoyote, na ndani ya wiki mbili unajua nani hamtaki nani. Nguzo yake ni Alf Stewart wa Ray Meagher, aliyemo tangu mwanzo, mzee wa ukali wa juu juu na moyo laini, aliyempatia Meagher Gold Logie, tuzo kubwa ya televisheni ya Australia, mwaka 2010. Kama una mjomba anayefokea wajukuu kisha anawapa hela ya soda, utamtambua.

Kasoro zake nazo usizifumbie macho. Summer Bay ni mji mdogo, lakini ajali, utekaji na mauaji yake yangetosha jiji zima, na baada ya miezi michache mshtuko unaisha makali. Neighbours nayo ina vipindi virefu, hasa miaka ya katikati, ambapo hakuna kinachotokea isipokuwa mtu kununua mkahawa.

Na kuna jambo ambalo kijana wa Kikongo anayeishi Dandenong, kitongoji cha Melbourne, ataliona kabla ya jingine lolote: kwa miongo mingi mitaa yote miwili ilikaliwa na wazungu karibu watupu, katika nchi ambayo mitaa yake halisi haiko hivyo. Neighbours ilijirekebisha polepole, ikaleta familia ya Kihindi, kisha mwaka 2021 waigizaji wenye asili ya Waaborijini wakaeleza hadharani ubaguzi waliosema walikutana nao kazini. Home and Away ilileta familia ya Kimaori, akina Parata, wakapendwa sana. Ni hatua, lakini usitarajie kujiona humo.

Usichague kwa majina ya mastaa. Ni kweli Neighbours ilimtoa Margot Robbie na Home and Away ikamtoa Chris Hemsworth, Naomi Watts na Isla Fisher. Lakini wengi walipita tu njiani. Heath Ledger alikuwemo Summer Bay kwa muda mfupi mwaka 1997. Ukianza Home and Away kwa ajili yake, utamaliza kabla chai haijapoa.

Four Corners na Play School

Hivi viwili ni vya ABC, na kuviweka pamoja kunaonekana kichekesho: kimoja huangusha serikali, kingine hufundisha watoto kukata karatasi. Lakini vyote viwili vimeishi kwa fedha ya umma, havihitaji Mwingereza wala muuza sabuni, na vyote viwili vilianza kama nakala za vipindi vya BBC. Four Corners ilifuata mfano wa Panorama. Play School ilichukua hata jina, halafu nakala ikamzika mwenye asili: ya BBC ilifungwa 1988, ya Australia ingali hewani.

Four Corners ilianza tarehe 19 Agosti 1961 na ndiyo ninayoiweka juu ya zote kwa mtu mzima anayetaka kuielewa nchi. Sababu moja inatosha. Mei 1987 mwandishi Chris Masters alionyesha makala yaliyoitwa The Moonlight State, kuhusu Queensland. Polisi wa jimbo walikuwa wakisema madanguro na nyumba za kamari za siri hazipo. Masters alipeleka kamera Fortitude Valley, Brisbane, akaonyesha milango yenyewe, watu wakiingia na kutoka. Waziri mkuu wa jimbo, Joh Bjelke-Petersen, hakuwepo. Aliyekaimu, Bill Gunn, aliamuru uchunguzi mara moja.

Uchunguzi huo, chini ya Tony Fitzgerald, ulidhaniwa utachukua wiki chache. Ulichukua karibu miaka miwili. Mkuu wa polisi, Terry Lewis, aliishia gerezani, mawaziri wa zamani pia, na mwaka 1989 chama cha National kikapoteza madaraka kiliyoyashika kwa miaka 32. Masters mwenyewe alilipa kwa njia nyingine: kesi za kashfa zilimfuata kwa miaka mingi. Televisheni nyingi duniani hujisifu kubadili mambo. Hapa kuna majina, hukumu na tarehe.

Haikuishia hapo. Mei 2011 ilionyesha jinsi ng'ombe wa Australia walivyokuwa wakichinjwa kikatili Indonesia, na mwezi uliofuata serikali ikasimamisha kuwasafirisha huko wakiwa hai. Wafugaji wa kaskazini waliumia, wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikasema marufuku ile haikuwa halali. Julai 2016 ilionyesha watoto waliozuiliwa katika magereza ya vijana ya Northern Territory, ikiwemo Don Dale ya Darwin, mmoja akiwa amefungwa kwenye kiti na kichwa kimefunikwa; kesho yake waziri mkuu Malcolm Turnbull akatangaza tume ya kifalme ya uchunguzi. Ukisikia jirani yako wa Australia anabishana kuhusu mifugo, polisi au magereza, mara nyingi ubishi una mzizi kwenye Jumatatu moja usiku ya Four Corners.

Ugumu wake ni Kiingereza. Kinaenda kasi, kimejaa maneno ya sheria na siasa, na mgeni atahitaji maandishi ya chini ya picha kwa miezi ya kwanza.

Hapo ndipo Play School inapoingia, na nasema hivi bila utani: ni shule nzuri ya lugha kuliko tamthilia zote mbili. Ilianza tarehe 18 Julai 1966 na haijabadilika sana. Watangazaji wawili, piano, midoli ile ile: Big Ted, Little Ted, Jemima, Humpty. Mtangazaji anaitazama kamera kana kwamba upande wa pili kuna mtoto mmoja tu, anauliza, ananyamaza ampe nafasi ya kujibu, kisha anaendelea. Halafu unaulizwa leo tuchungulie dirisha gani, la duara, la mraba au lenye upinde juu, na kamera inaingia humo kwenda kuonyesha bekari, shamba au mtoto anayeogesha mbwa. Sentensi ni fupi, zinarudiwa, na kila kitu kinachotajwa kinashikwa mkononi. Mama anayejifunza Kiingereza na mtoto wake mapajani hapati kitu bora bila malipo. Siku hizi kuna pia mwanasesere wa Kiaborijini, Kiya, na watoto wanafundishwa kuwataja wenyeji wa ardhi waliyokaa. Mtu mzima anayefanya kazi ofisi yoyote ya Australia atayasikia maneno hayo hayo mwanzoni mwa kila mkutano mkubwa.

Viwili vya pembeni

Utaulizwa kuhusu Bluey. Hicho ni kijana, kilianza Oktoba 2018 kutoka studio ya Ludo mjini Brisbane, sehemu zake nyingi ni za dakika saba, na mwaka 2024 kilikuwa kipindi kilichotazamwa kwa dakika nyingi kuliko vyote mtandaoni Marekani. Ni kizuri sana. Lakini BBC Studios imo ndani tangu mwanzo na Disney ndiyo inayokisambaza duniani, kwa hiyo ukifuata kipimo changu cha mfuko, Bluey ni mjukuu wa Neighbours: Mwaustralia anayelelewa na hela za nje.

Cha pili si kipindi bali kituo. SBS ilianza televisheni tarehe 24 Oktoba 1980, ikiwa imewekwa kwa ajili ya watu waliotoka nchi nyingine, na aliyekuwa akiiongoza wakati wa kuanza alikuwa Bruce Gyngell yule yule wa 1956. Redio yake ina idhaa ya Kiswahili. Maadhimisho ya SBS hayapigiwi ngoma kama ya tamthilia, lakini kwa msomaji wa lugha hii ndicho chombo pekee kati ya vyote nilivyovitaja kinachomsemesha kwa lugha yake.

Basi nani achukue kipi

Umehamia karibuni na una watoto wadogo: Play School asubuhi, na usione aibu kukaa nao. Baada ya miezi kadhaa ongeza Home and Away, kwa ajili ya masikio. Watu wa Summer Bay huongea kama watu, si kama wasoma habari, na 7plus, huduma ya mtandaoni ya Seven, hukupa bila malipo ukiwa ndani ya Australia. ABC nayo ina huduma yake, iview, bure vilevile, ila zote mbili hujifunga ukitoka nje ya nchi.

Uko Nairobi, Dar es Salaam au Muscat na unataka tu kuijua nchi: Four Corners, moja kwa moja. Makala mengi ya miaka ya karibuni yamewekwa YouTube, kwa hiyo gharama yako ni bando. Chagua makala kwa mada unayoijua tayari, kama vile madini, wahamiaji au michezo, ili Kiingereza kisikuchoshe.

Neighbours namwachia mwenye subira na mapenzi ya mambo ya zamani, na huyo asianze sehemu ya kwanza. Atafute harusi ya 1987, aruke hadi Karl na Susan wanapoingia 1994, kisha arukie wiki za mwisho za 2022. Zikimvuta, 9,000 zilizobaki zinamngoja. Ila akague kwanza ni huduma gani inayozionyesha nchini kwake mwezi huo, maana haki za kuonyesha Neighbours zimehama mikono mara nyingi kama Paul Robinson alivyohama ndoa.